Kutoka Kandambili Kuukuu Hadi Jambia la Hadithi: Mwongozo wa Kujijengea Mkono wa Ufundi

Mtu anayetaka kujifunza kutengeneza zana za kifantasia, yaani silaha za mashujaa wa hadithi, mataji ya masultani ambao hawakuwahi kutawala popote, pete za majini na makasha ya hazina, aghalabu huanza na kitu kikubwa mno. Hutamani vazi zima la shujaa, akanunua vifaa vya pesa nyingi, akakesha siku mbili tatu akikata na kugandisha, kisha kazi ikamshinda na vazi likaishia uvunguni mwa kitanda. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine: chagua kitu kimoja kidogo, ukitengeneze mara kadhaa katika vipindi vifupi vinavyorudi kila juma, na kila mara ubadilishe jambo moja tu, ili ujue ni nini hasa kilichoiboresha kazi au kuiharibu. Kitu tutakachokitumia ni jambia fupi la shaba, na mwishoni tutafika kwenye siwa, yaani baragumu kubwa la kifalme. Vyote viwili vinaweza kutengenezwa Mombasa kwa malighafi ambayo kwa sehemu kubwa watu wameshaitupa.

Hatua ya kwanza: Amua kitu ni cha nani

Kitu cha kifantasia hakina asili ya kuigwa dukani, na kwa hiyo mtengenezaji ndiye anayeamua kila kitu kukihusu. Chukua mfano wa Fumo Liyongo, shujaa anayesimuliwa pwani yote. Masimulizi mengi yanakubaliana kwamba silaha za kawaida hazikumdhuru, na kwamba mwanawe mwenyewe ndiye aliyemuua kwa kumchoma kitovuni kwa shaba. Wengine husema ilikuwa sindano, wengine husema ilikuwa jambia. Hakuna aliyeiona silaha hiyo. Basi ukitaka kuitengeneza, itakubidi ujiulize: ilifuliwa kwa siri, upesi upesi, na mhunzi aliyeogopa, au ilikuwa tunu ya kifalme yenye mpini uliotiwa nakshi? Kijana aliibeba kwa muda gani kabla ya kuitumia, na aliificha wapi? Alikuwa akiishika kwa mkono upi?

Maswali hayo yana kazi. Jambia la mhunzi mwenye hofu litakuwa na alama za nyundo na mpini wa kamba, na jambia la ikulu litakuwa na kingo zilizonyooka na vichwa vya misumari vilivyopangwa kwa mstari. Andika majibu yako kwenye daftari kwa sentensi nne au tano, kisha uchore kitu hicho kwa ukubwa wake halisi, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ubavu ndio unaosahaulika, na ndiyo sababu zana nyingi za wanaoanza huonekana kama picha iliyokatwa kwenye boksi.

Kwa jambia la kwanza, urefu wa sentimita 30 unatosha, mpini ukiwa sentimita 11 au 12 kati ya hizo. Ukubwa huo unaingia kwenye soli za kandambili kubwa, na kosa moja halitakugharimu malighafi nyingi.

Hatua ya pili: Kusanya malighafi

Malighafi kuu ya watengenezaji wengi wa zana hizi duniani ni povu la EVA, ile sponji ngumu na nyepesi inayotumika kutengenezea mikeka ya watoto yenye meno ya kushikana, na pia soli za kandambili nyingi. Mkeka wa namna hiyo una faida ya kuwa bapa na wa unene mmoja. Hata hivyo, kwa mazoezi sioni sababu ya kununua. Pwani yetu imejaa kandambili zilizoletwa na maji, na ukitembea Nyali au Bamburi asubuhi baada ya maji kujaa na kutoka utarudi nazo za kutosha. Wale waliotengeneza dau la Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018, walilifunika kwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa, na rangi zake bado zinaonekana kwa mbali.

Si kila kandambili itafaa. Zile za mpira ni nzito mkononi na zikipashwa moto hurudi zilivyokuwa, ilhali zile za EVA ni nyepesi, hulainika kwa joto na hubaki na umbo ulilozikunja zinapopoa. Kata kipande kidogo, kipashe, kikunje, kisha kiache kipoe. Utajua mara moja uko na ipi. Zilizochaguliwa ziloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni, uzisugue kwa kumbi la nazi, uzisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuzianika kivulini. Usafi huu haukwepeki, kwa sababu punje za mchanga zilizojificha ndani ya soli hula makali ya wembe kuliko kazi yenyewe ya kukata, na chumvi iliyobaki huizuia gundi isishike.

Vifaa vingine ni vichache: kisu cha kukatia karatasi chenye wembe unaovunjwa ncha, rula ya chuma, gundi ya viatu, gundi nyeupe ya mbao, msasa wa namba 120 na 240, pasi ya umeme, karatasi ya kuokea, rangi za akriliki nyeusi, kahawia, ya shaba na ya kijani, brashi mbili na vanishi isiyong'aa. Kwa uti wa jambia tafuta ubavu wa mwavuli uliovunjika. Kwa ngozi ya kuzungushia mpini, mikanda na mikoba ya mitumba ya Kongowea inatosha kabisa, na mara nyingi ngozi iliyochakaa ndiyo hasa unayoitaka. Mishipi, kamba na vitambaa vya kufungia vinapatikana Biashara Street kwa wauza leso na vifaa vya cherehani.

Jambo moja la kuliweka wazi mapema: pembe halisi ya ndovu na gamba la kasa aitwaye ng'amba havina nafasi katika kazi hii hata vipande viwe vya kale kiasi gani, kwa kuwa biashara yake imekatazwa na sheria za Kenya. Kila kinachofanana na pembe katika zana zako kiwe cha karatasi, cha plastiki au cha povu.

Hatua ya tatu: Panga mazoezi kabla ya kupanga kazi

Ufundi wa mkono unahitaji kurudiwa kwa karibu. Nusu saa katika siku nne za juma hufundisha zaidi kuliko saa sita za Jumapili moja, kwa sababu mkono uliochoka hukata vibaya na kuzoea ubaya huo, na kwa sababu gundi na rangi zenyewe zinadai kungojewa. Ukigawa kazi kwa siku, muda wa kungoja unakuwa usiku wa kulala badala ya kuwa subira ya kuvumiliwa.

Mpangilio unaofaa kwa anayefanya kazi ya ajira au anayesoma ni huu: jioni ya kwanza ya juma ni ya kukata mabaki, bila kutengeneza chochote, jioni ya pili ni ya kuunganisha vipande vilivyokatwa, ya tatu ni ya joto na umbo, ya nne ni ya rangi. Mazoezi ya kukata yafanyike mchana au chini ya taa nzuri, na stima ikipotea usiendelee kwa mwanga wa simu. Chora mistari 10 iliyonyooka kwenye soli na uifuate kwa wembe, kisha mistari 10 ya mviringo, kisha mikato ya mshazari ya nyuzi 45. Hifadhi kipande kimoja cha kila juma, ukiandike tarehe kwa kalamu ya wino nyuma yake, na ukitie kwenye boksi la viatu. Baada ya miezi miwili weka vipande vyote mezani kwa mpangilio wa tarehe. Huhitaji mtu wa kukusifu wala kukukosoa, maana mikato yenyewe itasema.

Wenye kutaka kuona kazi ya kurudia ilivyo wanaweza kuzuru Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka 1963. Hapo utamkuta mtu amekaa chini ya banda na tezo, akitoa twiga yule yule kutoka gogo baada ya gogo, na macho yake hayatazami sana mti bali nafasi kati ya miguu ya mnyama. Karibu naye mwingine anapiga msasa tu. Mgeni huweza kudhani ni kazi ya kuchosha, lakini tazama jinsi pigo la tezo linavyosimama mahali pale pale panapohitajika, bila kupimwa. Hiyo ndiyo hali unayoitafutia mkono wako, kwa kiwango chako.

Hatua ya nne: Kiolezo na mikato

Nakili mchoro wako kwenye karatasi ngumu, kama ile ya paketi ya unga au sabuni, uikate vizuri na uishike mkononi kana kwamba ni jambia. Rekebisha kiolezo sasa, kwani karatasi haina gharama. Mpini wa jambia la Kiarabu na la pwani ni mwembamba katikati na mpana kwenye ncha zote mbili. Ukiufanya sawa kote, hata mtazamaji asiyejua lolote atahisi kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Kata vipande viwili vya ubapa vinavyofanana, vyenye unene wa milimita 6 hadi 8 kila kimoja. Soli ya kandambili huwa na unene mkubwa kuliko huo, kwa hiyo itabidi uichane ubapa. Ilaze kati ya vijiti viwili vya mbao vyenye kimo unachotaka, vilivyogandishwa kwenye ubao, kisha upitishe wembe mrefu juu ya vijiti hivyo huku ukiukandamiza ulale. Kazi hii ni ngumu mwanzoni na inastahili jioni yake yenyewe.

Wembe ushikwe wima, uvutwe kwa pumzi moja ndefu badala ya kusukwasukwa kama msumeno, na mkato wa kwanza usikusudie kufika chini. Pitisha mara ya kwanza kwa kina kidogo ili upate njia, mara ya pili na ya tatu ndipo ukamilishe. Vunja ncha ya wembe mara tu unapoona povu linaanza kukwanyuka badala ya kukatika, na uzitie ncha zilizovunjwa kwenye chupa yenye kifuniko, maana nyumba zetu nyingi zina watoto wanaotembea peku. Mkono usiokata ukae nyuma ya wembe wakati wote.

Baada ya hapo chonga makali ya jambia kwa mshazari kutoka uti hadi ukingoni. Ni makali ya kuonekana tu. Ukingo wenyewe uachwe na unene wa milimita 2, umalizike kwa msasa, usiweze kumkwaruza mwigizaji mwenzako.

Hatua ya tano: Joto

Soli zilizookotwa huwa zimepinda. Ziweke chini ya karatasi ya kuokea na uzipitishie pasi isiyo na mvuke, moto wa chini kuelekea wa kati, kisha uzigandamize kwa ubao mzito hadi zipoe. Joto hilo hilo hufunga vinyweleo vya povu, na utaona uso wake ukigeuka kutoka hali ya unga hadi hali ya kung'aa kidogo. Ikiwa unataka jambia lililopinda, lipashe pande zote mbili na ulikunje juu ya sufuria au chupa ya duara, ukilishikilia mpaka lipoe kabisa. Kikausha nywele kinatosha kwa povu jembamba. Jiko la makaa na moto wa gesi sivyo vya kazi hii, kwa kuwa EVA hushika moto na moshi wake ni mbaya. Fanya kazi barazani au karibu na dirisha lililo wazi.

Hatua ya sita: Gundi

Anayetaka kuijua gundi ya viatu amtazame fundi viatu kwa nusu saa. Mwamkie, mwombe ruhusa, na ukiweza mpelekee kiatu cha kushona ili usije ukamkalia bure. Utaona kwamba hupaka tabaka jembamba pande zote mbili, huziweka kando zikiangalia juu, hushughulika na kiatu cha mtu mwingine, na baada ya muda huigusa gundi kwa mgongo wa kidole. Kidole kikitoka kikavu, bila nyuzi za gundi kukifuata, ndipo hukutanisha pande mbili na kuzigonga kwa nyundo. Wanaoanza hukutanisha gundi ikiwa bado mbichi, wakashangaa kiungo kinapoteleza na kuachia siku ya pili.

Kwa jambia, laza ubavu wa mwavuli katikati ya kipande kimoja cha ubapa, kwenye mfereji uliouchora kwa wembe, uuache uendelee hadi ndani ya mpini. Paka gundi, ngoja dakika 10 au zaidi, kisha ukutanishe kuanzia mpinini kuelekea ncha, kidogo kidogo, kwa sababu pande zikishagusana hazitengani tena bila kuchanika. Msimu wa masika, Aprili na Mei, hewa ikiwa imejaa unyevu, uso wa gundi unaopoa kwa kuvukiza unaweza kushika umande mwembamba unaodhoofisha kiungo. Siku kama hizo fanya kazi hii saa za mchana, ndani, feni ikiwa inazunguka.

Mvuke wa gundi hiyo unalevya na kuumiza kichwa, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Dirisha wazi, mkebe unaofunikwa kila baada ya kuchovya, na kipindi kifupi ndiyo kinga ya mwanzo. Mwenye kukusudia kuifanya kazi hii kwa miaka anunue barakoa yenye kichujio cha mkaa.

Mpini uzungushie ngozi au kamba. Vichwa vya misumari vinaweza kuigizwa kwa matone ya gundi nyeupe yaliyodondoshwa kwa ncha ya chelewa la ufagio, tone juu ya tone. Wapo wanaogandisha dengu zilizopasuliwa, nazo hupendeza kweli, ila zifunikwe vizuri kwa rangi pande zote, la sivyo fukusi watalifaidi jambia kabla ya hadhira.

Hatua ya saba: Ziba vinyweleo

Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache ikauke, kisha uongeze matabaka matatu au manne yasiyo na maji mengi. Chagua ile inayostahimili maji, kwa sababu ya kawaida hurudi kunata katika unyevu wa Mombasa. Tabaka jembamba daima. Piga msasa wa namba 240 mara moja kabla ya tabaka la mwisho.

Hatua ya nane: Rangi

Hapa ndipo kitu kinapopata umri wake, na hapa pia ndipo kazi nyingi nzuri huharibiwa kwa kupuliziwa rangi moja ya kopo inayong'aa kote. Shaba iliyotumika haing'ai kote. Usiamini maneno yangu. Nenda jioni kwenye wauza kahawa wa Mji wa Kale, uagize kikombe cha kahawa chungu na kashata, na ulitazame dele, lile birika la shaba la kahawa. Mkono wake na sehemu ya juu ya tumbo, pale kiganja na kitambaa cha kufutia vinapopita kila siku, ni ya njano angavu karibu na dhahabu. Chini, inapokaa juu ya makaa, imegeuka nyeusi ya moshi ambayo haina mpaka mkali bali inafifia kadiri inavyopanda. Kwenye maungio ya mdomo na tumbo, ambapo kitambaa hakifiki, kuna mstari wa kahawia iliyoiva, na wakati mwingine chembe za kutu ya kijani. Kifuniko kina mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, ule ambao hufunguliwa. Kila alama ina chanzo chake: mguso hung'arisha, moto husawijisha, na pembe zisizofikiwa hukusanya uchafu.

Mlipe mwenye kahawa, urudi nyumbani, na uyahamishie hayo yote kwenye jambia. Paka kwanza rangi nyeusi iliyochanganywa na kahawia kote, hadi kusiwe na povu linaloonekana. Ikikauka, chovya brashi kwenye rangi ya shaba, uifute kwenye gazeti hadi ionekane haina rangi tena, ndipo uipitishe juujuu ya jambia; shaba itashika kwenye miinuko na kuyaacha mashimo yakiwa meusi. Rudia hivyo mara nyingi katika sehemu zinazoshikwa, na mara chache kwenye maungio. Kisha changanya kijani na maji mengi, udondoshe kwenye pembe za mpini na kuzunguka vichwa vya misumari, uache dakika moja, ufute kwa kitambaa ukibakisha kidogo tu. Kijani kikizidi, jambia litaonekana limetolewa chini ya bahari, jambo ambalo ni sawa ikiwa hadithi yako inadai hivyo, lakini jambia la mwana wa Liyongo halikukaa majini.

Ikiwa unatengeneza chuma badala ya shaba, unga mweusi wa penseli uliosuguliwa kwa kidole juu ya rangi nyeusi iliyokauka hutoa mng'ao wa chuma kuliko rangi yoyote ya fedha niliyoiona ikiuzwa kwenye makopo.

Vanishi ije mwisho. Ile ya kupulizia huweza kugeuka nyeupe kama ukungu ikipuliziwa hewa ikiwa na unyevu mwingi, kwa hiyo subiri siku kavu au utumie ya brashi.

Hatua ya tisa: Litengeneze tena

Jambia likikamilika, usianze upanga. Chukua daftari, andika mambo yote usiyoyapenda, kisha chagua moja. Ikiwa ni mstari wa kiungo unaoonekana ukingoni, basi jambia la pili litakuwa sawa na la kwanza katika kila kitu isipokuwa namna ya kuunganisha na kupiga msasa. Mtu akibadilisha umbo, gundi na rangi kwa pamoja, hata akipata kitu kizuri hatajua amekipataje, na mara ijayo hatakipata. Jambia la tatu linaweza kuwa la kubadilisha rangi pekee: lile lile, lakini miaka 100 baadaye, limerithiwa na kusahauliwa kwenye kasha.

Kila moja lijaribiwe kwa mwanga wa tochi uliolazwa ubavuni, ambao hufichua kila tuta na kila shimo, na pia kwa umbali. Simama upande wa pili wa uwanja, umbali wa mtazamaji aliyekaa safu ya nyuma kwenye ukumbi wa shule wakati wa tamasha la drama, umwombe mwenzako alishike. Zana ya jukwaani inahitaji tofauti kubwa ya mwanga na kivuli kuliko zana ya kupigwa picha kwa karibu. Pembe kubwa zinazovuka Moi Avenue, zilizowekwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya ziara ya ukoo wa kifalme wa Uingereza, ni za aluminiamu, na ukizikaribia unaona hivyo bila shaka. Abiria aliye ndani ya matatu huona pembe.

Hatua ya kumi: Siwa

Aliyefikia jambia la tatu yuko tayari kwa kitu kikubwa. Siwa za kweli zilizo mashuhuri zaidi ni mbili: ya Pate, iliyotengenezwa kwa pembe za ndovu na yenye urefu unaopita mita 2, na ya Lamu, iliyo ya shaba. Zote zilipulizwa kupitia tundu la ubavuni, wala si kwenye ncha, na kosa la kulionyesha nchani hufanywa hata katika michoro. Siwa yako si lazima iwe nakala. Inaweza kuwa ya ufalme wa majini wa chini ya Mkondo wa Kilindini, ikiwa na magamba badala ya nakshi za maandishi, mradi umejibu maswali ya hatua ya kwanza.

Mhimili utengenezwe kwa vipande vya kadibodi vilivyokunjwa kama koni zilizokatwa ncha, kila kimoja kikikatwa kwa mshazari kidogo ili vikiunganishwa vitoe mpindo. Vifunike kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye uji wa unga wa ngano, kipimo kimoja cha unga kwa vitano vya maji, uliopikwa hadi ukawa mzito na kutiwa kijiko cha chumvi ili kuchelewesha ukungu. Tabaka la kwanza liwe la gazeti na la pili liwe la karatasi ya kaki, kisha gazeti tena, kwa sababu tofauti ya rangi itakuonyesha mahali ulipoparuka. Usizidishe matabaka mawili au matatu kwa siku moja. La nje likikauka kabla ya la ndani, unyevu utafungiwa humo na siwa itanuka kabla haijapakwa rangi. Kazi hii ni ya msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wakati hewa ni kavu zaidi, na si ya masika. Nakshi zitokane na kamba ya katani iliyogandishwa na kufunikwa kwa gundi nyeupe, na rangi ifuate hatua ya nane bila mabadiliko.

Kubeba na kuhifadhi

Jambia bandia linalofanana na la kweli ni jambo la kufikiriwa kabla ya kutoka nyumbani. Mizigo hukaguliwa kwenye kivuko cha Likoni na kwenye milango ya maduka makubwa, na mlinzi hana wajibu wa kujua kwamba ni kandambili. Libebe ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na picha za kazi ilivyokuwa ikiendelea kwenye simu yako, na ulitoe tu ukiwa ukumbini.

Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa gundi ya viatu hulainika kwa joto na viungo hufunguka. Nyumbani livingirishe kwenye leso ya pamba badala ya plastiki, ulilaze bapa bila kitu kizito juu yake, na ulitoe mara moja kwa mwezi kukagua ukungu. Siku ya maonyesho beba mkebe mdogo wa gundi, kipande cha ngozi ya mpini, rangi ya shaba kwenye kichupa na brashi moja. Mpini ndio huachia kwanza, na kuurudisha huchukua dakika 15 ikiwa vitu hivyo viko karibu.